Mikono Yote ya Kushoto

Msichana wa kamati aliingia kibandani kwangu Jumatatu saa nne asubuhi, akanikuta nagombana na sindano. Nilikuwa nimejaribu kuitia uzi mara nane. Ya tisa nikaitukana. Siku hizi macho yangu yamebaki ya mapambo tu, na uzi ukinishinda natoka nje kumwomba mama mboga anitilie, halafu narudi nimenuna kana kwamba ni yeye aliyenizeesha.

"Mama Wanza?" akauliza.

"Ndiye huyu. Kama ni sare za shule, nimejaa mpaka Januari."

"Si sare, Mama." Akavuta kiti cha karibu, akakaa mbele ya cherehani la pili, lile lililofunikwa kitambaa cha maua.

"Hapo pana mwenyewe," nikamwambia.

Akaruka. Akaangalia huku na huku. Kibanda changu ni chumba kimoja pale Shauri Moyo, ukisimama mlangoni umekimaliza chote. "Pole. Ametoka?"

"Ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

Ulikuwa mwaka wa tano sasa tangu atoke. Nikampa kigoda.

Jina lake lilikuwa Lorraine. Kijana, viatu vyeupe ambavyo njia ya matope ya Gikomba ilikuwa imeshavifundisha adabu. Alisema kamati ya jezi ya timu ya taifa imemtuma. Akatoa simu, akanionyesha mchezaji mmoja, akaifunika nembo ya kifuani kwa kidole gumba.

"Hii jezi ni ya nani?"

"Ya taifa."

"Umejuaje?"

"Si umeniambia umetoka kwa taifa?"

Akacheka, meno yote nje. "Sasa hiyo ndiyo shida, Mama. Ukifunika nembo inakuwa jezi ya mtu yeyote. Ya benki. Ya watu wa kuuza maji. Kuna nchi, mchezaji wake akipita kule mbali, matope mpaka shingoni, mtoto mdogo anataja nchi yake. Sisi kila tukiamka tunavaa kitu kipya kilichochaguliwa kwenye kitabu cha picha, na hakuna mtu anatujua." Akatelezesha kidole, ikaja picha nyingine. "Halafu nikaona hii."

Niliijua kabla hajaisogeza karibu. Ilipigwa kutoka juu ya ghorofa, wachezaji wadogo kama siafu kwenye uwanja wa vumbi. Ungeweza kuwahesabu Karakana FC, timu ya mtaa wetu, mmoja mmoja bila kuona uso hata mmoja. Jezi nyekundu, mistari myeupe mikononi, na mistari yote imelala upande mmoja.

Wacha nieleze, maana si kila mtu ni fundi. Jezi ya kawaida yenye mistari ya mshazari mikononi, mistari ya kulia na ya kushoto hutazamana. Mtu akisimama mbele yako inakuwa kama paa la nyumba, huku inapanda, huku inashuka. Ya Karakana haina paa. Mkono wa kulia na mkono wa kushoto, yote inaelekea upande uleule, kama mtama uliopigwa na upepo. Timu ikiwa imesimama tu unadhani inakimbia.

"Nani aliwaza hii kitu?" Lorraine akauliza. "Wamenielekeza kwako. Kamati imeipenda, Mama. Wameshakubaliana. Wanataka jezi tatu kamili za kuigwa na kiwanda, kufikia Ijumaa, ziwe hivi hivi kabisa. Zikikosa kuwa hivi, kuna mchoro wa pili unangoja, na huo ni mbaya, haki ya Mungu. Na fomu hii ujaze. Jina la mbunifu. Na hapa chini, jinsi wazo lilivyokuja."

Jinsi wazo lilivyokuja! Nikaikunja fomu nikaiweka chini ya pasi. Nikamwambia Ijumaa aje.

Wazo halikuja. Lilikuwa kosa. Na kosa, kwa kadiri nilivyojua asubuhi ile, lilikuwa la Adhiambo.

Mimi na Adhiambo tulijuana kiwandani Baba Dogo, tukiwa wasichana wa kuvaa kanga kiunoni wakati wa chakula. Mimi nilikuwa mezani pa kukata, yeye kwenye mstari wa cherehani. Kiwanda kilipofungwa tulichukua kibanda hiki pamoja. Mimi mkataji, yeye mshonaji, miaka kumi na tisa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akaenda Mombasa kupakia, nafikiri bado anapakia. Wake alikufa mapema akamwachia binti, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Awiti. Mimi nilimwita Adhiambo, yeye akaniita nyar Kamba, yaani binti wa Wakamba kwa lugha yao, na alipotaka kunichokoza alinisalimu kwa Kikamba kibovu mpaka wateja wanashika mbavu. Tulikula sufuria moja. Wakati wa zile fujo za uchaguzi, watu wa kabila lake walipokuwa wakisakwa, nilimfungia humu ndani siku nne, nikaketi mlangoni na mkasi wangu mkubwa mapajani, na waliokuja kuuliza kama kuna mtu ndani niliwauliza wanataka kushonewa nini. Hawakutaka kushonewa chochote. Wakaenda zao.

Mnaona basi huyo hakuwa mtu wa kazi tu.

Miaka mitano iliyopita Odongo, kocha wa Karakana, mchomelea vyuma wa hapa hapa Shauri Moyo, alileta kitambaa cha jezi kumi na nane. Nilikata Jumatano, nikafunga mafurushi, nikamwachia Adhiambo. Mimi nikaenda Machakos kuzika shangazi. Nikarudi Jumamosi asubuhi, vumbi la makaburini bado liko kwa viatu, nikamkuta Odongo na wachezaji wawili wanachukua jezi. Nikainua moja. Mistari yote upande mmoja.

Woi! Nilivyowaka siku ile. Ningekuwa na akili ningeingia ndani kwanza ninywe maji. Lakini mimi hasira yangu haingoji maji. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba hata mtoto wa nasari anajua mkono wa kulia na wa kushoto. Nikamwambia macho yamekwisha, akili imefuata. Odongo akasema, "Mama, hakuna noma, sisi tuko sawa, zinakaa fiti." Nikamwambia Odongo anyamaze. Adhiambo alikuwa amesimama pale na kipande cha uzi kwenye midomo, hakujibu neno. Na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonimaliza. Nikamwambia, "Kama kazi imekushinda, si urudi kwenu."

Kwenu. Mimi, niliyekaa mlangoni na mkasi.

Ulimi hauna mfupa. Uliteleza tu, na nilipousikia umesema nilitaka kuula. Adhiambo akautoa uzi midomoni, akauliza taratibu, "Umemaliza?" Nikajibu nimemaliza, maana kiburi nacho hakina mfupa. Akavaa sweta. Siku ya tatu akapanda gari la kwenda kwao Ugunja, cherehani lake akaliacha, kwa sababu halingeingia chini ya kiti. Alisema atatuma mtu. Hajatuma.

Karakana wakashinda Jumamosi ileile, nne bila. Na jezi iliyoshinda mtaani haibadilishwi. Walizivaa misimu mitatu, zikatoboka, wakazitia viraka. Walipotaka nyingine wakaja kwangu, nikawaambia mimi sishoni makosa. Wakaenda kwingine kubandikiwa mistari kwa pasi.

Basi Lorraine alipotoka nilikaa nikaangalia lile cherehani lililofunikwa, na nikaanza kucheka peke yangu. Tusidanganyane, taifa halikuwa kichwani mwangu hata kidogo. Nilichotaka ni kimoja. Nilitaka Adhiambo huko Ugunja awashe televisheni, aone vijana kumi na mmoja wamejipanga wakiimba wimbo wa taifa, kosa lake limewalalia mikononi, ashike kichwa, acheke, halafu anipigie simu. Ningejifanya siitambui sauti. Ningemzungusha kidogo. Halafu ningemsamehe, na yeye angepanda gari arudi, na mimi ningekuwa na mtu wa kuniambia chai imepoa.

Niko mpweke. Wacha niliseme, halitaniua. Watu wananisalimu siku nzima, "Sasa Mama Jezi," "Uko poa Mama Jezi," na jioni nikifunga mlango najiona kama kifungo kilichobaki kwenye kopo. Redio naiongelesha. Kuna siku niliibishia hata taarifa ya hali ya hewa.

Jumanne nikaanza. Lorraine alikuwa ameniachia kitambaa kizuri, chekundu kwa mwili, na cha mikono kina mistari myeusi, myeupe na ya kijani. Uso wake unang'aa, mgongo wake umefifia. Nikakata kama ninavyokata siku zote. Karatasi yangu ya kukatia mkono ni moja tu, kwa hiyo nakunja kitambaa uso kwa uso, naiweka karatasi kwa mshazari, napitisha mkasi mara moja, na tabaka mbili zinatoka kulia na kushoto. Safi.

Halafu ikabidi nikosee kama Adhiambo. Si kazi rahisi kukosea kwa makusudi. Nilikuwa nimeamini miaka yote hii kwamba alibadilisha mikono, ya kulia akaitia kushoto na ya kushoto kulia. Nikafanya hivyo. Nikaivika jezi kwenye kiti, nikarudi nyuma mpaka mlangoni.

Paa la nyumba limegeuka juu chini. Mistari bado inatazamana, ila sasa inakutana chini badala ya juu. Hii haikuwa jezi ya Karakana.

"Wewe Adhiambo," nikasema kwa sauti, "ulifanya nini?"

Jumatano nikafikiri tena. Basi aligeuza mkono mmoja ndani nje. Nikafumua, nikageuza, nikashona. Mistari ikalala upande mmoja, ndiyo, nikapiga makofi. Halafu jua likaingia mlangoni, nikaona. Mkono mmoja unang'aa, wa pili umefifia kama shuka la gesti. Maana nilikuwa nimeuonyesha mgongo wa kitambaa. Ngai! Lorraine angeiona hata akiwa amefunga macho.

Nikampigia Odongo aniletee jezi moja ya zamani, yoyote. Akaja saa nane na miwani ya kuchomelea kichwani, mkononi jezi namba sita, imeoshwa mpaka imekuwa rangi ya ulimi.

"Mathe, hii ilikuwa ya Patrobas. Kiungo hatari. Ameshahamia Kayole ila jezi alikataa kuiacha, nimeiomba kwa kupiga magoti."

Nikaipeleka kwenye mwanga. Mikono yote miwili ilikuwa uso nje, na iliyopauka ilikuwa imepauka sawasawa. Nikaigeuza ndani nje nikaangalia kwapani. La kushoto, mshono umepita vizuri kama barabara mpya. La kulia, nikavaa miwani. Nikavua, nikapangusa, nikavaa tena.

Kwapa la kulia lilikuwa limepunguzwa kwa mkasi upande wa mbele, kidogo kidogo, na upande wa nyuma limekusanywa kwa vikunjo vidogo sana, pengine ishirini, kila kimoja kimeshikwa kwa mkono kabla ya kupita cherehani. Fundi hufanya hivyo kwa sababu moja tu. Mkono anaoushona kulia haukukatwa uwe wa kulia. Umekatwa wa kushoto, na anaubembeleza ukubali.

"Nini, Mama?" Odongo akauliza. "Umeona nini? Si uongee."

"Nenda kachome vyuma vyako, Odongo."

"Uko fiti lakini?"

"Nenda!"

Akaenda. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikachukua kitambaa kilichobaki, nikakitandaza mezani bila kukikunja. Tabaka juu ya tabaka, zote uso juu. Hivyo ndivyo tulivyotandaza kiwandani Baba Dogo miaka yote ile. Kiwandani karatasi ilikuwa ndefu kama meza, mkono wa kushoto na wa kulia imechorwa yote, kwa hiyo hakuna haja ya kukunja. Ila hapa kibandani nina karatasi ya mkono mmoja. Ukitandaza uso juu na karatasi ya mkono mmoja, kila kinachotoka ni cha upande mmoja.

Nikakata. Nikavipanga vipande mezani, kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Vyote vya kushoto. Mistari yote upande mmoja.

Nilikaa chini, sikukumbuka kuvuta kiti, nikakaa kwenye vitambaa sakafuni. Jumatano ile ya miaka mitano iliyopita nilikuwa nimeamka na habari za shangazi, kichwa kiko Machakos, nikaiachia mikono ifanye kazi, na mikono ikafanya ilichofundishwa ujanani. Ikarudi kiwandani bila kuniaga. Nikafunga mafurushi nikaenda kuzika. Adhiambo akafungua furushi peke yake humu ndani akakuta mikono thelathini na sita na hakuna hata mmoja wa kulia. Kitambaa kimekwisha. Mechi ni Jumamosi. Akakaa siku mbili akibembeleza makwapa kumi na nane, vikunjo ishirini kila moja, ili vijana waweze kuinua mikono. Nikarudi mimi, mwenye kosa, nikamuuliza kama anajua kulia na kushoto.

Nyani haoni kundule. Wanasema hivyo kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nililia kwa sauti mpaka mama mboga akagonga akauliza kama kuna msiba, nikamwambia ndiyo, wa zamani.

Alhamisi nikaanza kushona zile jezi tatu. Kwapa la kwanza la kulia nilifumua mara tano. Vikunjo vilikataa, vilipanda juu vikaleta nundu, na nilipovilazimisha uzi ukakatika, na uzi ukikatika ndiyo safari nyingine ya kwa mama mboga. Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza kwapa moja. Moja! Na mimi nilimwambia yule mwanamke kazi imemshinda.

Namba yake nilikuwa nayo miaka yote. Akina mama wa kanisa walinipa, wakiniambia anashona majoho ya kwaya kwenye baraza ya nyumba yake. Sikuwahi kuibonyeza. Nikaibonyeza kabla sijapata nafasi ya kujishauri.

"Halo?" Kuku walisikika nyuma yake, na mtoto akiimba.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Hakuwa akijifanya. Hakunijua.

"Wanza. Wa Shauri Moyo."

"Aa," akasema. Basi. Nikasikia kiti kikivutwa. "Habari ya huko?"

"Nzuri. Huku ni kuzuri. Adhiambo, unaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Mvua imekuja. Na wewe? Macho?"

Alijuaje? Labda alijua tangu zamani kwamba yaliyokuwa yakififia ni yangu. "Yamekwisha," nikasema.

"Pole sana."

Alisema pole ya kweli, na ndiyo iliyonivunja. Nikamweleza yote bila kupumua, kamati, Lorraine, paa la nyumba, mkono uliofifia, namba sita ya Patrobas. "Nilitandaza uso juu, Adhiambo. Kama Baba Dogo. Nilikata yote ya kushoto. Ilikuwa ni mimi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipofungua furushi." Mtoto akamuuliza kitu kwa Kijaluo, akamjibu. "Nilidhani nimechoka. Nikaipanga mikono mezani, nikaona ni ya kushoto yote. Nikasema, eh, nyar Kamba ana msiba mkubwa."

"Kwa nini hukusema? Pale pale! Ungenizaba kofi tu!"

"Mbele ya Odongo? Wewe ndiye mkataji. Watu walileta vitambaa kwa sababu ya mkasi wako. Ningesema ni wewe, nani angekuamini tena na kitambaa cha watu? Nilisema wacha aseme, akimaliza ataingia ndani, atashika jezi, ataona mwenyewe. Wewe ni fundi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nikangoja mpaka jioni. Nikangoja Jumapili. Nilipofika huku nikasema, ataona wiki hii, atapiga. Nilikuwa nalala na simu. Mwaka wa pili nikaacha."

Nikakivuta kitambaa mapajani, nikalia.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilikusamehe zamani, kabla ya kuku hawa kuzaliwa. Usilie. Unalia na kitambaa kiko mapajani, utaacha madoa."

"Cherehani lako liko hapa. Nalitia mafuta. Hakuna mtu nimemruhusu alikalie. Rudi, Adhiambo. Njoo hata kwa wiki moja. Fomu nitaandika jina lako, si langu. Utakaa mbele na wakubwa. Rudi."

Nilisikia akiwafukuza kuku.

"Uliniambia nirudi kwetu, Wanza," akasema. "Nilirudi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Mtu mwenye hasira unaweza kumwomba. Aliniambia ana majoho arobaini ya kumaliza kabla ya Jumapili, ana wajukuu wanaomwita kila saa, ana majirani wa kunywa nao chai jioni. Akaniuliza kwapa linanisumbua wapi. Nikamwambia nyuma, linaleta nundu. Akasema nilowanishe uzi kidogo, nianze vikunjo katikati niende pembeni, nisianze pembeni. Akanisubiri nikajaribu kimoja, simu iko begani. Kikakubali.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona."

"Haya. Siku njema." Na hakuniita nyar Kamba. Nilingoja aniite mpaka simu ikakatika.

Nilimaliza jezi mbili jioni ile na ya tatu alfajiri. Zilikuwa nzuri. Sijisifu, ujanja haukuwa wangu.

Ijumaa Lorraine alikuja na viatu vyeusi, amejifunza. Nikamvika kiti jezi, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akatoka nje, akavuka hadi kwa mama mboga, akaangalia kutoka kule. Akarudi anakimbia. "Mama, nimeiona kutoka barabarani! Ndiyo hii! Mtu akae juu kabisa kwenye jua kali, atatujua!" Akanikumbatia. Alikuwa wa kwanza kunikumbatia tangu sikumbuki lini, na nilisimama pale sijui mikono niiweke wapi.

Halafu akasoma fomu. Nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa. Jina la mbunifu: Adhiambo Odera. Jinsi wazo lilivyokuja: Mkataji alikata vibaya akaenda zake. Mshonaji akatengeneza.

"Sielewi," akasema. "Wewe ni nani hapa?"

"Mkataji."

Akaniangalia, akaangalia cherehani lililofunikwa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Ndiye mwenye kile kiti?"

"Ndiye."

"Sawa. Nitaacha hivyo hivyo." Akafungua daftari lake. "Uzinduzi ni mwezi ujao, uwanjani. Nimewapigania viti viwili vya mbele, karibu na wachezaji. Nilidhani ni wewe na mtu wako. Sasa ni chake na chako. Atakuja?"

"Hatakuja."

"Basi chake nimpe mtu mwingine. Wakubwa wananisumbua, wote wanataka mbele."

"Usimpe mtu. Andika jina lake, ulibandike kitini, kikae hivyo."

"Kiti kitupu mbele ya kamera?" Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. "Mama, hawatanikubalia vyote viwili. Viti ni vichache mno. Lazima kimoja nikitoe."

"Basi toa changu," nikamwambia.